Jiwe Uliloliokota, Liulize Vizuri

Ndugu zangu, wazee wangu na vijana, asanteni kwa kuja. Naona wengine mmekuja na mifuko, na wengine mmefumba ngumi tangu mlangoni. Sitawauliza mmeshika nini. Tukimaliza mazungumzo tutakwenda kwenye meza ile pale, imewekwa kwa ajili yenu.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutofautisha almasi ghafi, yaani almasi ambayo haijakatwa wala kung'arishwa, na mawe yanayofanana nayo, hasa kwatzi, jiwe la kawaida ambalo likiwa safi huwa angavu kama kioo, na vipande vya kioo chenyewe. Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi. Mtu anakuja, anafungua kitambaa, anaweka jiwe mbele yangu, halafu ananyamaza. Ukimya ule naujua. Ndani yake mna nyumba ambayo haijaezekwa, mna mtoto anayesubiri ada, mna deni. Na mara nyingi kuliko nilivyopenda, neno langu la kwanza limekuwa hapana, hii ni kwatzi.

Kusema hapana nimeshazoea. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba mtu huyo, karibu kila mara, alikuwa amelipima jiwe lake kabla hajaja kwangu, tena kwa makini, na kipimo kilimjibu ndiyo. Hakuwa mzembe, wala hakutapeliwa na mtu. Alitumia kipimo ambacho kwatzi nayo inakifaulu.

Mnakumbuka habari za KwaHlathi, kijiji cha jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini. Mwezi Juni mwaka 2021 mchungaji wa mifugo aliokota mawe maangavu ardhini, habari zikaenea, na katika siku chache maelfu ya watu walikuwa wanachimba uwanja ule kwa sululu, kwa koleo, wengine kwa mikono mitupu. Serikali ilipeleka wanajiolojia wakachukua sampuli, na kabla mwezi haujaisha majibu yakatoka: fuwele za kwatzi, yaani mawe ya kwatzi yaliyokua na nyuso na pembe zake ya asili. Mimi niliziona picha za mawe yale. Nilipoziona tu nilijua, na nitawaeleza baadaye nilijuaje, kwa sababu hata ninyi mngejua kama mngekuwa mmeelezwa jambo moja dogo.

Kwanza tuviondoe njiani vipimo vibovu.

Cha kwanza ni kukwaruza kioo. Hiki ndicho kipimo kinachoaminiwa kuliko vyote, na ndicho kilichowaumiza watu wengi zaidi. Mtu anachukua jiwe, analipitisha juu ya kioo cha dirisha au chupa, mkwaruzo unabaki, basi anaamini. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini aliyeitwa Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa ugumu kutoka 1 hadi 10, kwa kanuni rahisi kwamba gumu humkwaruza laini. Kioo cha kawaida kiko karibu na 5 na nusu. Chuma cha tupa kiko karibu na 6 na nusu. Kwatzi iko 7. Topazi 8, korundi 9, ambayo ndiyo jamii ya yakuti, na almasi 10. Sasa angalieni wenyewe: kwatzi inakikwaruza kioo bila shida yoyote. Topazi inakikwaruza. Hata jiwe la kawaida la mtoni lenye chembe za kwatzi ndani yake litakikwaruza. Kwa hiyo jiwe likikwaruza kioo umejifunza kwamba si laini kuliko kioo, basi. Hujajua zaidi ya hapo.

Cha pili ni kutumbukiza jiwe kwenye maji. Nimeambiwa mara nyingi kwamba almasi huzama na bandia huelea. Mawe yote tunayoyazungumzia leo yanazama. Kwatzi inazama, kioo kinazama, kipande cha tofali kinazama. Maji yanaweza kutusaidia sana, lakini kwa njia nyingine, na tutaifikia.

Cha tatu ni nyundo. Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu.

Imani kwamba almasi haipasuki hata ikigongwa juu ya fuawe ni ya zamani sana. Warumi wa kale waliiandika karibu miaka 2000 iliyopita, na haijafa mpaka leo. Lakini ugumu ni jambo moja na kustahimili pigo ni jambo jingine. Almasi haikwaruziki kirahisi, lakini inapasuka. Atomi zake zimepangwa kwa namna ambayo kuna pande nne ambazo jiwe linaweza kuachana, likakatika kwa uso ulionyooka kama ukurasa. Mafundi wa kukata almasi wameitumia tabia hiyo kwa karne nyingi: pigo moja dogo mahali panapofaa, jiwe linagawanyika mara mbili. Kijana mmoja aliwahi kuniletea vipande vidogo ndani ya kibati cha dawa. Alitaka kujua kama "vilivyobaki" vina thamani. Nilivitazama kwa lenzi. Nyuso zilikuwa bapa, zenye ngazi ngazi, na mng'ao ambao hauna mfano. Ilikuwa almasi. Alikuwa ameambiwa na watu wazima anaowaheshimu kwamba ikiwa ya kweli haitavunjika, akaiweka juu ya chuma, akaigonga. Ilipovunjika akajua ni ya uongo, na vipande vingi akavitupa. Nilimweleza ukweli kwa sababu aliniuliza. Tangu siku ile sijaacha kulisema jambo hili kila ninaposimama mbele ya watu: usiligonge jiwe lako. Wala usilichome moto halafu ukalitumbukiza kwenye maji baridi, kwani almasi yenye ufa au uchafu ndani yake inaweza kuharibika vilevile.

Basi tuache nyundo, tuanze na macho.

Nilisema nilizitambua picha za KwaHlathi mara moja. Nilitambua umbo. Madini hukua kwa mpangilio wake, kila moja na tabia yake, kama vile huwezi kukuta mmea wa mahindi umezaa ganda la mbaazi. Fuwele ya kwatzi hukua kama penseli: ina pande sita, na mwishoni inachongoka. Ukiigeuza kwenye mwanga utaona mistari myembamba inayokatiza upande wa penseli kwa mlalo, kutoka kushoto kwenda kulia, kama vipandio vya ngazi. Mawe ya KwaHlathi mengi yalikuwa na ncha za namna hiyo. Almasi haikui hivyo. Hakuna almasi yenye umbo la penseli ya pande sita. Mkitoka hapa na jambo hilo moja tu, nusu ya mawe yanayoletwa mezani kwangu mtayatambua wenyewe nyumbani.

Almasi umbo lake la kawaida ni pande nane: chukua piramidi mbili za pande nne, ziunganishe kitako kwa kitako. Kila uso ni pembetatu. Nyingine zina pande kumi na mbili, na hizo mara nyingi zimevimba kidogo, nyuso zimejipinda kama mbegu. Nyingine ni michemraba, yenye ngozi ya kijivu isiyopitisha mwanga. Ziko pia bapa zenye umbo la pembetatu, ambazo kwa kweli ni fuwele mbili pacha zilizokua zikiwa zimegeuziana. Kwenye ukingo wake huonekana mshono, na kando ya mshono mistari inayokutana kama mifupa ya samaki. Na ziko, tena nyingi sana, ambazo hazina umbo la kueleweka kwa sababu zilivunjika zikiwa bado ndani ya mwamba.

Sasa chukua lenzi ya kukuza mara 10, ile ya masonara. Kama kuna kitu kimoja ningependa kila mtafuta mawe awe nacho mfukoni, ni lenzi hiyo. Tazama uso wa pembetatu wa almasi ya pande nane. Mara nyingi utaona vijishimo vidogo, navyo ni pembetatu, lakini ncha zake zimeelekea kinyume na ncha za uso mkubwa. Uso unaelekea juu, vijishimo vinaelekea chini. Alama hizo zilichorwa na joto na vimiminika vya ndani ya dunia wakati almasi inapandishwa kutoka kina cha kilomita 150 na zaidi. Mara ya kwanza nilipoziona nilisahau kupumua. Ni vigumu sana kuziiga vizuri.

Lakini niwaonye hapo hapo. Kwatzi nayo huweza kuwa na alama za pembetatu, kwenye zile nyuso za ncha. Nimeona watu waliosoma kidogo wakiziona alama hizo wakashangilia. Usiikate alama kutoka kwenye jiwe lake. Ukiona pembetatu, geuza jiwe lote, uliza: pembetatu hii iko kwenye uso wa umbo gani? Kama chini yake kuna penseli ya pande sita yenye mistari ya mlalo, umeshapata jibu.

Na jiwe lililovunjika? Hapo tazama namna lilivyovunjika. Kwatzi na kioo huvunjika kwa mikunjo, kama ganda la kombe, mawimbi yanayotoka mahali pamoja na kupanuka. Mmeiona kwenye kigae cha chupa. Almasi inavunjika kwa nyuso zilizonyooka na ngazi ndogo ndogo. Si kila mahali, maana nayo inaweza kuwa na mikunjo hapa na pale, ila ukiona jiwe ambalo kila lilipovunjika ni mawimbi matupu bila uso bapa hata mmoja, punguza matumaini.

Tuje kwenye mng'ao, kwa sababu ndio unaowapoteza watu pande zote mbili. Mtu amezoea kuona almasi kwenye pete, imekatwa nyuso hamsini na zaidi, inarusha rangi. Akienda mtoni anatafuta kitu kinachometameta. Kwatzi safi yenye ncha inametameta. Kwa hiyo anaokota kwatzi, na almasi anaipita. Almasi ghafi huonekana kama jiwe lililopakwa mafuta. Mwanga unakaa juu ya ngozi yake, mzito, kama wa fedha, hata kama ndani hakuonekani. Nyingi zina rangi ya njano hafifu, kahawia au kijivu. Ile ya kwanza iliyopata jina Afrika Kusini, iliyokuja kuitwa Eureka, iliokotwa mwaka 1867 karibu na Mto Orange na kijana Erasmus Jacobs, na watoto waliichezea kama kokoto. Baadaye ilitumwa kwa posta ya kawaida, ndani ya bahasha, hadi kwa daktari William Atherstone mjini Grahamstown. Yeye ndiye aliyethibitisha kwamba ni almasi, yenye karati 21 na robo, yaani gramu 4 na robo. Naipenda habari ile kwa sababu ya zile kokoto za watoto. Jiwe lilikuwa pale, mikononi mwa watu, na halikufanana na almasi waliyokuwa nayo vichwani.

Jambo jingine kuhusu mawe ya mtoni. Kwatzi ikisafiri na maji miaka mingi, pembe zake zinachakaa na ngozi yake inakuwa nyeupe kama imepigwa ukungu, imejaa vialama vya kugongana. Almasi husafiri mto huohuo na ngozi yake ikabaki na mafuta yake, na kingo zake hazichakai kwa kiasi kile. Yale mavimbe ya almasi niliyoyataja hayakutengenezwa na mto. Yalitengenezwa chini kabisa, kabla jiwe halijaona jua.

Kioo ndicho chenye ujanja mdogo kuliko yote, nami sitakaa nacho sana. Kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga wa pwani au mto kinapata ukungu mzuri, na kikiwa cheupe kinaweza kumpendeza mtu. Kipitishie mwanga, tumia lenzi. Ukiona viputo vya hewa vya mviringo ndani yake, au mikondo kama asali inayomiminwa, hicho kilipita tanuruni. Kioo hakina fuwele, kwa hiyo hakina nyuso zake za asili. Kikiwa na nyuso nane ujue kuna mtu alikichonga au alikimimina kwenye kalibu. Na tupa ya chuma itakikwaruza. Kwatzi haitakwaruzwa na tupa, ndiyo maana tupa nayo haitoshi.

Sasa turudi kwenye maji, kama nilivyoahidi. Huu ndio moyo wa mazungumzo yangu, na naomba wenye kalamu waandike.

Kila madini yana uzito wake kwa kulinganisha na maji ya ujazo uleule. Kwatzi ni mara 2.65. Kioo cha kawaida ni karibu mara 2.5. Almasi ni mara 3.52. Tofauti hiyo ni kubwa, haijali rangi, haijali umbo, haijali kama jiwe limevunjika au limechakaa. Na kuipima hakuliumizi jiwe hata kidogo.

Chukua mizani ndogo ya kidijitali, ile inayosoma gramu mpaka sehemu ya mia. Pima jiwe likiwa kavu. Tuseme limekuja gramu 1.76. Andika. Sasa weka kikombe cha maji juu ya mizani hiyohiyo, uirudishe kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, lining'inize ndani ya maji lizame lote, lakini lisiguse chini wala pembeni. Mizani itaonyesha namba ndogo: huo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili. Kama mizani imeonyesha 0.50, basi 1.76 ukigawanya kwa 0.50 unapata 3.52, na hapo una haki ya kuketi chini. Kama imeonyesha 0.66, jibu ni karibu 2.67, na jiwe lako ni kwatzi, hata kama limekwaruza vioo vya mtaa mzima.

Yako makosa mawili yanayoharibu kipimo hiki. Moja ni viputo vya hewa kung'ang'ania jiwe ndani ya maji. Tone moja la sabuni ya maji linasaidia, na mtikise uzi kidogo. La pili ni jiwe dogo mno. Karati moja ni gramu 0.2. Almasi ya karati moja inasukuma maji ya gramu 0.057 tu, na mizani yako itasoma 0.05 au 0.06, ukigawanya utapata 4.0 au 3.33. Bado unaweza kuitenga na kwatzi, ila huwezi kuitenga na mawe mengine. Ukiwa na jiwe la karati moja kwenda chini, tafuta mizani inayosoma hadi sehemu ya elfu ya gramu. Na rudia mara tatu. Mimi hurudia mara tatu hata leo.

Kwa nini nasema mawe mengine? Kwa sababu ya topazi. Topazi ina uzito wa karibu 3.5, uleule wa almasi, na ni angavu. Ikikujibu 3.5 kwenye maji, usikimbilie kusherehekea. Topazi hukua kama nguzo, mistari yake inakwenda kwa wima kufuata urefu wa nguzo, na inakatika kwa uso mmoja ulionyooka, ukikatiza nguzo. Ugumu wake ni 8. Spineli nayo inafanana zaidi na almasi kwa umbo, maana huwa na pande nane kamili, na uzito wake ni karibu 3.6. Zirikoni ni nzito zaidi, 4.6 hivi. Na zile fuwele za kutengenezwa viwandani ziitwazo zirkonia ni nzito sana, kati ya 5.6 na 6. Hizo mkono wenyewe unazihisi.

Ukitaka kipimo kingine kisichoumiza, nenda duka la dawa ukanunue glisirini. Iweke kwenye glasi safi, tumbukiza jiwe, litazame likiwa mbele ya karatasi nyeupe. Mwanga unapinda ndani ya glisirini karibu sawa na unavyopinda ndani ya kioo na kwatzi, hivyo kingo za mawe hayo zinafifia, na kipande safi cha kioo karibu kinapotea machoni. Almasi hupinda mwanga kwa nguvu kubwa zaidi. Itabaki pale, kingo zake nyeusi, kana kwamba imechorwa kwa wino. Topazi iko katikati. Nimewahi kumwonyesha mzee mmoja jambo hili. Jiwe lake lilipofifia ndani ya glasi alikaa kimya, halafu akasema, "Sasa nimeona mwenyewe." Hakunibishia, na mimi sikuhitaji kumshawishi. Ndiyo sababu napenda vipimo ambavyo mtu anajionea.

Joto nalo linasema. Almasi hupitisha joto kuliko shaba, mara kadhaa. Ndiyo maana ikigusa mdomo huhisi baridi kali, na ukiipulizia pumzi ukungu unatoweka papo hapo, wakati kwenye kwatzi unakawia kidogo. Ukitaka kujaribu, weka pembeni kwatzi unayoijua, mawe yote mawili yakae mahali pamoja kwa muda ili yawe na joto moja, kisha pulizia yote kwa pumzi moja. Bila jiwe la kulinganisha, macho yako yataona unachokitaka. Vipo vifaa vidogo vyenye ncha vinavyopima jambo hilihili, na kwa kwatzi na kioo havikosei mara nyingi. Vinakosea kwa moisaniti, jiwe jingine linalofanana na almasi, kwa kuwa nayo hupitisha joto vizuri sana. Lakini ardhini moisaniti hupatikana kama chembe ndogo sana. Mtu akikuletea bonge lake, limetoka kiwandani.

Kuhusu taa ya urujuanimno, ile inayoitwa taa ya UV, nitasema neno moja tu. Almasi nyingine hung'aa chini yake, mara nyingi kwa rangi ya buluu, lakini nyingi hazing'ai, na madini mengine mengi yanang'aa. Kwa hiyo isiwape furaha wala isiwakatishe tamaa.

Grisi je? Nimeulizwa swali hilo mlangoni. Ni kweli kabisa. Almasi hukataa maji na hupenda mafuta. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Kimberley, mji wa machimbo ya almasi nchini Afrika Kusini, walianza kupitisha mchanga wenye maji juu ya meza zilizopakwa grisi. Kwatzi na mawe mengine yakasombwa, almasi zikanasa. Mnaweza kujaribu kwa jiwe safi lililoloweshwa. Ila almasi za mtoni wakati mwingine zimefunikwa na tabaka jembamba la chumvi au uchafu, zikawa hazinasi. Kunasa ni dalili nzuri. Kutonasa hakukuambii kitu.

Kwa wale wanaong'ang'ania kukwaruza, maana najua mpo, iko njia isiyo ya hatari sana. Kateni kipande cha msasa mweusi wa silikoni kabaidi, ambao ugumu wake unazidi 9. Sugueni pembe moja ya jiwe, mahali pasipo na uso mzuri, mara chache tu, halafu mtazame kwa lenzi. Kwatzi, topazi na spineli zitapata michirizi. Almasi haitaguswa, na msasa ndio utakaochakaa. Hapa jiwe linaulizwa swali ambalo kwatzi haiwezi kulijibu vizuri.

Sasa nina neno kwa wanaonunua, na sauti yangu itabadilika kidogo. Yapo mawe ambayo hayakuokotwa kwa bahati tu. Yamechongwa. Mtu anachukua zirkonia au topazi, anaipa pande nane, anaisugua ipate ukungu, anailowesha asidi, pengine anachora na pembetatu. Mengine ni kioo kilichomiminwa kwenye kalibu. Halafu anayachanganya na almasi mbili tatu za kweli ndani ya bahasha moja, na mnunuzi akiomba kupima, mkono wa muuzaji unachagua jiwe la kupimwa. Usikubali. Chagua mwenyewe, pima kila moja, na kama hujaruhusiwa kupima kwa utulivu, funga mfuko wako. Tazama bahasha yote kwa pamoja: almasi za ardhini hazifanani, kila moja ina kasoro yake. Ukiona mawe ishirini yenye ukubwa mmoja, ukungu mmoja na pembe kali zinazolingana, fundi ni mmoja. Na kama jiwe linavuka mpaka wa nchi, tangu mwaka 2003 upo Mpango wa Kimberley: almasi ghafi inasafiri ndani ya kifungashio kilichofungwa rasmi, pamoja na cheti cha serikali. Anayekunong'oneza kwamba yake haihitaji cheti anakuuzia ama kioo, ama kesi.

Na majina, jamani, msiyaamini. Ziko "almasi za Herkimer" kutoka jimbo la New York nchini Marekani, nzuri ajabu, zimechongoka pande zote mbili, angavu kama maji. Ni kwatzi. Ziko "almasi za Bristol" kutoka Uingereza. Nazo ni kwatzi. Wanaoziuza kwa jina hilo kwa uwazi hawafanyi kosa, lakini jina likishasafiri mbali na mahali pake linaacha maelezo nyuma.

Mtu anaweza kuniuliza: kwa nini usituambie tu tupeleke mawe maabara? Pelekeni. Vipimo vya nyumbani vinafanya kazi moja vizuri sana, nayo ni kuondoa kwatzi na kioo. Jiwe likipita umbo, likapita maji, likapita glisirini na msasa, hapo lina haki ya nauli yako ya kwenda kwa mtaalamu mwenye leseni, na ukiwa njiani usilitaje kwa mtu. Lakini kumsafirisha mtu siku mbili, ameuza mbuzi ili apate nauli, kwenda kuonyesha penseli ya pande sita, hilo linanivunja moyo, kwa kuwa angeweza kujua asubuhi ileile aliyoliokota.

Basi, tusogee mezani. Walioleta mawe wayafungue wayaoshe kwanza kwenye beseni lile la maji ya sabuni, wayakaushe, kisha wapange foleni. Kuna lenzi nne, mizani mbili, glasi za glisirini, na upande wa kushoto nimeweka kwatzi yangu mwenyewe ya kulinganishia. Sitasema jiwe la mtu yeyote ni nini. Utalishika mwenyewe, utalipima mwenyewe, nami nitasimama nyuma yako nikisoma namba. Mama mwenye kitambaa cha kijani umekuwa wa kwanza kufika leo. Tafadhali njoo, tuanze na wewe.